Kufunga si mgomo wa kula

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba ukifunga siku nyingi, Mungu hana budi kukujibu. Siku tatu hazikutosha? Ongeza ziwe saba. Hapo mfungo umeshageuka mgomo, na Mungu amefanywa mwajiri wa kushinikizwa.

Msome Daudi katika 2 Samweli 12. Mtoto wake alipougua alifunga, akalala chini usiku kucha. Wazee wa nyumba wakamsihi ainuke, akakataa. Siku ya saba mtoto akafa. Watumishi waliogopa hata kumwambia, lakini aliwaona wakinong'onezana, akajua. Akainuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu. Ndipo akaomba chakula. Alifunga kwa moyo wote, jibu likawa hapana, na bado akaabudu.

Katika Isaya 58 watu wanalalamika waziwazi: tumefunga, mbona huoni? Wanajibiwa kwamba siku hiyohiyo ya mfungo wanawakandamiza vibarua wao. (Hapa wengi wetu huwa tunasoma harakaharaka.) Anayebadilika kwa mfungo ni mfungaji mwenyewe: saa ya mlo inakuwa saa ya sala, na chakula alichojinyima kinamfikia mwenye njaa.

Mwenye kisukari au mjamzito azungumze na daktari kwanza.