Nani Kasema Seli za Kundi O Ni Tupu?

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu wa baiolojia ninayemheshimu: eti seli nyekundu za kundi la damu O hazina kitu juu yake, na ndiyo maana damu hiyo humfaa kila mtu. Chanzo ni lile jedwali la vitabu vya shule, ambamo mbele ya O huandikwa "hakuna". Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni vimeng'enya vinavyopachika sukari kwenye protini, neno hilo moja linaudhi kuliko makosa mengine yote ya fani hii.

Jeni ya ABO, inayoamua kundi la damu, haitengenezi antijeni, yaani alama ya juu ya seli ambayo kinga ya mwili huitambua. Hutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoongeza sukari moja kwenye ncha ya mnyororo wa sukari uliokwisha kujengwa juu ya glikoprotini na glikolipidi (protini na mafuta yenye sukari) za utando wa seli. Cha A huongeza N-asetilgalaktosamini, cha B huongeza galaktosi. Vyote viwili vina asidi amino 354 na hutofautiana katika nafasi nne tu, ambazo kati yake ya 266 na ya 268 ndizo zenye kauli kubwa. Kwa watu wengi wa kundi O, besi moja, yaani herufi moja ya DNA, imedondoka kwenye jeni, usomaji ukavurugika, na kimeng'enya kikatoka kifupi kisichofanya kazi.

Je, mnyororo uliokuwa ukisubiri sukari hiyo umekwenda wapi? Upo palepale na sukari yake iitwayo fukosi, nao ndio antijeni H; kundi O ni nyumba iliyoishia kwenye lenta. Asiyeamini achukue kigae, aweke tone la seli za O, kisha aongeze lekitini (protini inayoshika sukari) ya mmea Ulex europaeus. Seli zitashikamana vibongevibonge mbele ya macho yake, kwa nguvu kuliko seli za A1, aina mojawapo ya kundi A, ambazo H yake nyingi imekwisha kufunikwa. Lekitini hiyo ikichanganywa kwanza na fukosi ya kutosha, seli hubaki zimetawanyika, kwa kuwa mahali pake pa kushikia pamekwisha kujaa.

Ushahidi wa namna hii ni wa zamani. Mwaka 1952, Walter Morgan na Winifred Watkins wa Taasisi ya Lister, London, walionyesha kwamba fukosi huzuia seramu ya samaki aitwaye mkunga kuitambua H. Kisha Watkins akageukia vimeng'enya vya Trichomonas foetus, kimelea cha ng'ombe, ambavyo huziharibu antijeni hizi: galaktosi ilipoongezwa, B ilinusurika, ilipoongezwa N-asetilgalaktosamini, ikanusurika A. Glikoprotini zao walizipata kwenye majimaji ya uvimbe wa ovari, kwa sababu seli nyekundu hutoa kiasi kidogo mno. Jeni yenyewe ilikuja kusomwa mwaka 1990, na haikuwaumbua.

Watu ambao seli zao hazina hata H wapo kweli. Walielezwa kwa mara ya kwanza huko Bombay mwaka 1952, na katika kipimo cha kawaida huonekana kama kundi O. Wana kingamwili dhidi ya H, kwa hiyo wakiongezewa damu ya O, ile inayodaiwa kuwa tupu, wanaweza kufa.

Hata sisi wa maabara hatuna haki ya kujigamba. Mwaka 1982 watafiti wa New York waliigeuza damu ya B kuwa O kwa kimeng'enya cha buni za kahawa na kuwaongezea watu bila madhara, lakini A imesumbua zaidi, na hata seli zilizosafishwa vizuri bado huchokoza plazima za baadhi ya watu. Zaidi ya hayo, sukari hizi zina kazi gani hasa? Wale wa Bombay huishi bila hata moja kwenye seli zao nyekundu na wana afya njema. Ni kweli kwamba kundi O hupunguza hatari ya malaria kali, lakini kipindupindu huwaelemea zaidi watu wa kundi hilohilo, na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini karibu wote ni O ilhali mababu zao hawakuwa na malaria ya falsiparamu. Wanaoeleza kila kitu kwa malaria waanze kwa kunieleza hao.