Henry Venn, padri aliyetaka misheni ife

Wanafunzi wa theolojia hukariri maneno matatu kuhusu kanisa lililokomaa: kujitegemea, kujiongoza, kujieneza. Wengi hudhani yalizaliwa na siasa za uhuru. Yalianzia katikati ya karne ya 19, na kwa upande wa Waanglikana yalitoka kwa Henry Venn, padri wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Rufus Anderson wa Marekani, asiye Mwanglikana, alifikia wazo hilohilo karibu wakati mmoja naye.

Baba yake Venn, John, padri wa Clapham, alikuwa miongoni mwa mapadre wa msimamo wa kiinjili walioanzisha CMS (Church Missionary Society), chama cha wamishonari cha Waanglikana, mwaka 1799. Maaskofu waliwapokea kwa ubaridi, na mapadre wa Kiingereza wa kwenda ng'ambo hawakupatikana, hivyo wamishonari wa kwanza, mwaka 1804, walikuwa Walutheri wa Kijerumani. Ndiyo maana hata Krapf na Rebmann, tunaowajua kwa kazi yao ya Mombasa na Rabai, walikuwa Wajerumani.

Venn alishika ukatibu wa CMS mwaka 1841, akaushikilia kwa miaka thelathini hivi. Hoja yake ilikuwa kwamba mmishonari si mchungaji wa kudumu. Kazi yake ni kuanzisha. Waumini wakishaweza kumlipa padri wao wenyewe, mmishonari asonge mbele, na misheni pale ife kifo chema. Hakuishia kwenye mahubiri. Alihangaikia pamba ya Abeokuta, mji wa Wayoruba katika Nigeria ya leo, ipate soko Manchester, mji wa viwanda vya nguo Uingereza, kwa kuwa kanisa la watu wasio na kipato lingeendelea kukinga mkono Ulaya. Sehemu hii ya fikra zake husahaulika mno, nami naiona kuwa ndiyo ya maana kuliko zote.

Jaribio kubwa lilikuwa Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa utumwani mwaka 1821, akaokolewa na meli za kivita za Uingereza na kufikishwa Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1864 aliwekwa wakfu Canterbury kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Mwenyewe alisitasita, Venn ndiye aliyemshinikiza. Lakini tazama eneo alilopewa: ni nchi za Afrika Magharibi zilizo nje ya himaya ya Malkia wa Uingereza. Lagos haikuwa yake, na wamishonari Wazungu wa Abeokuta, Henry Townsend akiwa mstari wa mbele, hawakukubali kuwa chini ya Mwafrika.

Hapo ndipo penye ufa katika fikra za Venn. Alilitenga kanisa la wenyeji na misheni ya wageni, kwa nia ya kulilinda, kumbe aliwaachia wageni mlango wa kukwepa mamlaka ya kanisa hilo. Alifariki mwaka 1873. Mwaka 1890 wamishonari vijana waliwasimamisha kazi watumishi wa Crowther kule kwenye misheni ya Mto Niger mbele ya askofu wao. Crowther alifariki Desemba 1891, na kiti chake akapewa Mzungu.

Katika Uganda Askofu Alfred Tucker aliuona ufa huo. Alitaka katiba moja itakayowaweka wamishonari na Waganda ndani ya kanisa moja, chini ya sinodi (baraza kuu la kanisa) moja. Wamishonari wake mwenyewe walipinga kwa miaka, na katiba iliyopitishwa mwaka 1909 ilikuwa imelegezwa ili kuwaridhisha.