Manifoldi ya tabo: fupi mbaya au ndefu nzuri?

Juzi dogo mmoja kaja gereji hapa Mtwara na picha kwenye simu, manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) ya stenlesi imejipinda kama utumbo wa mbuzi, inang'aa balaa, "fundi nataka hii hii". Gari lake Celica GT-Four ST185, injini 3S-GTE cc 1998, na ruti zake ni mjini na kupanda Newala. Nikamwambia kaa kwanza.

Iko hivi. Silinda zinawaka 1-3-4-2, kila nusu mzunguko wa krenki silinda moja inatema moshi, ila valvu ya ekzosi inakaa wazi zaidi ya nusu mzunguko, kwa hiyo 1 inamalizia kutoa mara 3 inafungua kwa kishindo, na kama mabomba yao yamekutana jirani ule moshi unarudi silinda 1 wakati valvu ya kuingizia hewa ishaanza kufunguka. Joto linabaki humo, injini inagonga (mafuta yanajilipukia yenyewe), unarudisha taiming yaani unachelewesha cheche, nguvu kwisha. Ndo maana tunaoanisha 1 na 4, 2 na 3, kila jozi inapuliza mara moja kwa mzunguko mzima. Lakini haina maana kama tabo yenyewe ina mlango mmoja wa kuingizia moshi! CT26, tabo ya kiwandani ya ST185, ina miwili, nusu ya kazi Toyota walishamaliza.

Sasa urefu. Mabomba marefu yaliyolingana yana raha yake juu kabisa kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), mtu wa mashindano namwelewa. Wewe uko nyuma ya fuso la korosho kwenye kona za kupanda, rpm 2,500, unataka tabo iamke sasa hivi, na bomba refu linapoteza joto njiani na lina nafasi kubwa ya kujaza kwanza. Kama lazima utengeneze, mimi nachukua bomba nene linaloitwa la inchi moja na robo (hilo ni jina la saizi tu), tundu la ndani kama mm 36, njia fupi, kona za taratibu. Westigeti, valvu inayopitisha moshi wa ziada pembeni ya tabo, ikae pale moshi unapokutana, ielekee mtiririko, ukiichomeka kwenye bomba la silinda moja presha itapanda yenyewe hutaizuia.

Na stenlesi inatanuka jamani. Nusu mita ikipanda joto nyuzi 700 inarefuka karibu mm 6, halafu flenji, bamba la kufungia manifoldi, imefungwa kwenye hedi haisogei. Yangu ya kwanza niliiachia tabo ining'inie bila briketi ya kuishikilia, kabla ya Mnazi Mmoja ya Lindi ikapasuka pembeni ya weldi, tumerudi inalia kama trekta. Siku hizi flenji naifunga kwenye hedi chakavu ndo nachomelea, ndani ya bomba napitisha agoni, gesi ya kuzuia hewa isiharibu weldi, na tabo lazima ipate mguu wake kwenye bloku.

Dogo kusikia bei ya agoni tu akalainika. Tumebaki na ile ya kiwandani, flenji imepigwa fesi yaani imesawazishwa uso, gasketi mpya. Ila picha ya utumbo wa mbuzi kaiweka profaili.