Je, wajua kwa nini chembe ya unga wa ngano inatosha kumwumiza mwenye ugonjwa wa siliaki?

Kanda donge dogo la unga wa chapati, liache litulie kidogo, kisha lioshe kwenye bakuli la maji huku ukiliminyaminya. Maji yatageuka meupe. Yamwage, tia mengine, endelea. Wanga wote ukishatoka, mkononi kitabaki kidonge cha kijivujivu kinachonata, ukikivuta kinarefuka na kwenye maji hakiyeyuki. Hiyo ndiyo gluteni, protini inayoifanya chapati isukumike bila kuchanika na mkate uumuke. Imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Kwenye mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele na mhogo haimo, ndiyo maana ukijaribu kusukuma chapati ya unga wa mahindi mtupu inakumegukia mikononi.

Kwa walio wengi protini hii ni chakula kama kingine. Lakini duniani, takriban mtu mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni ndiyo huuchokoza, na tiba yake hadi leo ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Ugomvi wa nyumbani huanzia hapo. Daktari anasema "usile ngano", jamaa wanasikia "punguza ngano". Kwani nusu andazi litamfanya nini mtu?

Protini tunazokula hukatwakatwa na vimeng'enya mpaka zikawa vipande vidogo vya kufyonzwa. Gluteni ni ngumu kukatika. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuna kipande chake kimoja, chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 33, kinachopita kwenye vimeng'enya vya tumbo, vya kongosho na vya utumbo kikabaki kizima. Kwa watu wengi kinapita zake bila neno. Kwa mwenye siliaki, kimeng'enya cha mwili wake mwenyewe hukigeuza kidogo kipande hicho, na kinga ya mwili inakichukulia kuwa adui. Karibu wote wenye ugonjwa huu wamezaliwa na vinasaba viitwavyo DQ2 au DQ8, ingawa wengi walio navyo hawaugui kamwe. Vita ikishaanza, kinachoumia si ngano, ni ukuta wa utumbo mwembamba.

Kwa ndani ukuta huo una vinyweleo vidogo mno vilivyosimama kama nyuzi za taulo jipya, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa muda mrefu hulala, kisha huisha, ukuta ukabaki bapa. Mtu anakula na kushiba lakini mwili haupati kitu. Wengine huharisha, hujaa tumbo na kukonda, watoto hudumaa. Wapo pia ambao tumbo haliwasumbui hata kidogo: wanachoona ni upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, uchovu usioisha, au mifupa inayovunjika kirahisi. Hawa ndio huzungushwa hospitali miaka na miaka.

Sasa turudi kwenye kile kiasi. Kinga ya mwili haihitaji mzigo mkubwa ili iamke. Hata chanjo ni matone machache tu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 au zaidi. Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 kwa siku kwa miezi mitatu, na hizo zilitosha kuharibu vinyweleo vya utumbo. Miligramu 50 ni sehemu moja ya 40 ya kile kipande cha mkate: makombo unayopangusa mezani kwa kiganja. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuandikwa kuwa hakina gluteni hakivuki miligramu 20 katika kilo nzima.

Halafu kuna ile imani kwamba moto unaua kila kitu. Moto unaua vijidudu, na gluteni si kijidudu. Mafuta yaliyokaangia mandazi asubuhi yakikaangia chipsi mchana, chipsi zile hazimfai mwenye siliaki hata zikichemkia humo saa nzima.

Kwa mtu wa pwani au wa bara huku kwetu, unaweza kudhani mambo ni rahisi. Ugali, wali, makande, ndizi, mihogo, magimbi, samaki, maharage: vyote salama tangu enzi za mababu. Na kweli, mwenye siliaki wa Tanga ana nafuu kuliko wa Roma anayeishi katikati ya tambi na mikate. Tena unga wa mhogo wa sokoni haudaiwi bei ya ule wa pakiti za supamaketi zilizoandikwa "bila gluteni". Shida ya jiko letu ni ngano iliyojificha kwenye chakula ambacho hakuna anayekiita chakula cha ngano.

Chukua urojo wa Zanzibar. Mteja anauliza, "Dada, humu mna ngano?" Anajibiwa, "Hamna chapati humu, kaka yangu, ni viazi na bajia tu." Dada hadanganyi. Lakini ule mchuzi wa manjano wenye uchachu, ulio mzito kiasi cha kushika kijiko, uzito wake kwa kawaida umetokana na unga wa ngano uliokorogwa kwenye maji. Bajia za dengu zenyewe hazina neno, ila zimetoka kwenye karai gani? Viazi karai navyo huchovywa kwenye uji wa unga, mara nyingi wa ngano. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wapishi wanaoongeza ngano kidogo vishikane. Uji wa lishe tunaompa mtoto aliyedhoofu mara nyingi umechanganywa na ngano, kwa hiyo mtoto mwenye siliaki anaweza kuzidi kudhoofika kwa uji uleule wa kumnenepesha. Mvuje wa kusaga wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Sosi ya soya kwa kawaida ina ngano. Bia nyingi ni za shayiri. Na mashineni, kama aliyekutangulia amesagiwa ngano, ulezi wako utatoka na mabaki yake. Wenye uzoefu huenda na kilo mbili tatu za mahindi zisagwe kwanza kusafisha mashine, unga huo wakapewa kuku. Mimi ningeona nafuu kusaga kwenye mashine isiyogusa ngano kabisa, kama ipo.

Kwamba mkosaji ni ngano, dunia ilichelewa kujua. Daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888 na akasema tiba, kama ipo, itakuwa kwenye chakula; chakula gani hakujua. Miaka ya 1920 Sidney Haas wa Marekani alikuwa akiwatibu watoto kwa ndizi, na walipata nafuu, ila yeye aliisifu ndizi badala ya kuushuku mkate uliokosekana. Aliyeupata ukweli ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alishaanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Njaa kubwa ya 1944 na 1945 ilipoikumba nchi yake, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu, na watoto wake wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika kwenye tasnifu yake ya udaktari kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza.

Wala usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Kiwango cha juu kuliko vyote vilivyoripotiwa kimetoka Afrika: mwaka 1999 ilichapishwa kwamba kati ya watoto 990 wa Kisahrawi waliopimwa, karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao. Wakimbizi hao wa Sahara Magharibi wanaishi kambini Algeria, na mkate ndio chakula chao cha kila siku.

Ukishuku unao, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiiacha mapema zinapungua na majibu yanatoka safi. Isitoshe, minyoo, amiba na maziwa huvuruga tumbo vilevile. Ugonjwa ukithibitishwa na gluteni ikaachwa kweli, vinyweleo huota upya, kwa watoto haraka, kwa watu wazima pengine baada ya miaka.

Wakatoliki wana fumbo lao. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2017 ulikumbusha kwamba hostia, yaani kile kimkate chembamba cha misa, isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi. Yenye gluteni kidogo mno inakubalika. Asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa divai peke yake. Ila amwambie padre mapema aandae kikombe kingine, kwa sababu kwenye kile cha altareni huwa ametumbukiza kipande cha hostia kabla ya komunyo.