"Fundi, hii simu haiingii maji": tuongee ukweli kuhusu flagshipi, zile simu za bei ya juu kabisa za kila kampuni, ukishaitumia mwaka, miaka miwili

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja hapa mezani, simu kaileta ndani ya kopo la plastiki limejaa mchele. Hata sijaitoa nikajua anataka kusema nini, maana ni maneno yale yale nayasikia kila mwezi, "fundi hii simu haiingii maji, sijui imekuwaje". Alikuwa Kigamboni na wanae, akaingia nayo baharini kuwapiga picha, maji ya kiunoni tu, dakika kama tano hivi. Ikapiga picha vizuri kabisa. Jioni akaichomeka kwenye chaji, usiku ikazima, haikuwaka tena. Simu ya milioni na ushee hiyo, alinunua used ya Dubai, kaitumia mwaka mzima bila shida.

Nikaifungua. Mfuniko wa nyuma ulitoka kwa moto kidogo tu, hata sekunde chache hazikuisha, na hapo tayari nikajua kuna mtu kaifungua kabla yangu. Gundi ya kiwandani huwa ni utepe mwembamba mweusi unaozunguka kingo zote bila kukatika, hii ilikuwa na vidoti vya B7000, gundi ya tyubu ya mafundi, kwenye kona nne basi, katikati pako wazi kabisa unapitisha wembe. Ile stika ndogo nyeupe ya ndani inayobadilika rangi ikiguswa na maji ilishakuwa nyekundu. Sistimu chaji, yaani kile kipande chenye tundu la chaji, ina ukijani kama shaba iliyosahauliwa uani, na juu ya ukijani kuna unga wa mchele umegandia. Ndo maana leo nimeamua niandike, maana kumwambia mtu mmoja mmoja nimechoka.

IP68, ile alama ya kuonyesha simu inazuia vumbi na maji kiasi gani, sio ahadi ya maisha wakuu. Ile 6 ni ya vumbi, ile 8 ni ya maji, na hayo maji ni maji yasiyo na chumvi, yametulia, ndani ya maabara, na simu inayopimwa ni MPYA. Samsung wenyewe kwenye Galaxy S22 Ultra wanasema mita 1.5 kwa dakika 30 kwenye maji ya kawaida, na wanaandika kabisa kwamba haishauriwi kutumika baharini wala kwenye bwawa la kuogelea. Wameandika wao sio mimi. Na mwaka 2022 mahakama kule Australia iliwaamuru walipe faini ya dola milioni 14 za kule kwa sababu ya matangazo ya miaka ya nyuma, ya kuanzia 2016, yaliyoonyesha simu za Galaxy zikiingia kwenye bwawa na baharini, na kampuni ilikubali kwamba watu walipotoshwa, kwa sababu ukichaji wakati tundu bado lina unyevu linaweza kuharibika. Sasa kama walilipa kwa kuwaambia watu hivyo, wewe mtu wa dukani akikwambia "hii unaogelea nayo" unamwaminije?

Halafu watu hawafikirii hicho kinachozuia maji ni nini. Hakuna uchawi pale. Ni gundi kuzunguka kioo na mfuniko wa nyuma, ni kimpira chembamba kwenye kitrei cha laini, ni mpira kwenye tundu la chaji, na kule kwenye spika na maiki kuna kitambaa laini sana kinachopitisha hewa kikakataa maji. Ni gundi na mpira basi. Gundi inachoka. Joto la dashibodi mchana wa Dar linailegeza, simu ikidondoka kwenye vigae fremu inapinda kidogo sana hata huoni kwa macho, lakini gundi pale imeshaachia, na betri ikianza kuvimba inasukuma mfuniko kwa nyuma taratibu mpaka panapatikana mwanya. Siku uliyoitoa kwenye boksi ilikuwa IP68. Ukishakaa nayo miaka miwili, umeidondosha mara sita, umebadilisha protekta mara nne, sijui ni IP ngapi na hakuna anayejua, hakuna mtu amekupimia.

Na hizi used ndo kabisa. Mimi nafungua simu kila siku na nakwambia used nyingi zinazonifikia mkononi zilishafunguliwa, ama kioo kimebadilishwa, ama mfuniko wa nyuma sio wake, ama betri. Kufungua sio dhambi, na mimi nafungua hivyo hivyo. Ila simu ikishafunguliwa gundi ya kiwandani imekwisha, na kuirudisha inatakiwa usafishe kingo zote uweke utepe mpya wa umbo la simu hiyo hiyo, ukandamize, uache ishike. Fundi mwenye haraka anapaka B7000 kidogo anakurudishia. Inashika, inapendeza, na maji yanaingia kama mlango uko wazi. Ukinunua used hesabu kwamba haizuii maji, kwishney, usijaribu hata kwenye ndoo ili "kuhakikisha".

Kingine, watu wanachanganya kuzama na presha. Ile 8 ni ya kuzamishwa kwenye maji yaliyotulia. Maji yanayorushwa kwa nguvu yana namba zake nyingine kabisa, kwa hiyo kuisafisha simu kwa bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, au kuingia nayo bafuni chini ya shawa ya maji ya moto kwa sababu unasikiliza muziki, hilo ni jambo jingine ambalo hiyo 68 haijasema chochote. Mvuke nao unapita mahali ambapo tone halipiti, na sabuni inafanya maji yateleze kwenye mianya midogo. Na kuna hii ambayo karibu hakuna anayeijua, simu ikiwa ya moto, labda ilikuwa juani au unachaji unacheza gemu, halafu ghafla ikatumbukia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inapoa inasinyaa, na ikisinyaa inavuta. Inavuta kupitia mwanya wowote uliopo. Umetoka kwenye jua la ufukweni, simu inaunguza mkono, unaruka nayo majini, unafikiri nini kitatokea.

Chumvi sasa ndo mbaya kuliko yote. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri sana kuliko maji ya bomba, kwa hiyo yakifika kwenye bodi, ile saketi kuu ya simu, na betri bado ina chaji, kutu inaanza muda huo huo, haisubiri kesho. Na yakikauka chumvi inabaki, halafu chumvi inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unaijua ilivyo. Ndo maana simu "inapona", unafurahi, wiki ya tatu inakufa.

Mchele. Jamani mchele ni wa kupika. Hauvuti maji yaliyo chini ya bodi, unakaa nje unamwaga unga kwenye tundu la chaji na kwenye spika, na wakati wewe unasubiri siku tatu ulizoambiwa, kutu inaendelea kula ndani. Hata Apple mwanzoni mwa 2024 waliandika kwenye maelekezo yao kwamba usiiweke simu kwenye mchele. Draya ya nywele usiweke, juu ya bati usianike, joto linalegeza gundi na maji yanasogea ndani zaidi.

Fanya hivi. Izime, hata kama inafanya kazi vizuri, izime. Usichaji, narudia tena USICHAJI, simu nyingi ninazozika hapa hazikuuliwa na maji yenyewe, ziliuliwa na chaja iliyochomekwa baada ya maji. Toa kitrei cha laini, ikung'ute taratibu tundu la chaji likiangalia chini, kama ni bahari pitishia maji ya kawaida kwa nje yasiyo na presha uondoe chumvi, futa, ilete kwa fundi siku hiyo hiyo afungue, achomoe betri, aoshe bodi kwa brashi na IPA, ile spiriti ya kusafishia inayokauka haraka. Siku hiyo hiyo sio Jumatatu. Na ile alama ya tone la maji inayotokea ukichomeka chaja, inakwambia tundu lina unyevu, sasa watu badala ya kusubiri wanaenda YouTube kutafuta namna ya kuiondoa ili wachaji. Ile alama ndo rafiki yako wa mwisho pale.

Kinachoniuma zaidi sio simu, simu utanunua nyingine ukijaliwa. Ni picha. Huyu dada hakulia kwa sababu ya milioni, alilia kwa sababu mle ndani kulikuwa na video za marehemu mama yake, na hakuwa na bakapu popote. Zamani tulikuwa na memori kadi, unachomoa unachomeka kwingine, maisha yanaendelea. Kuanzia S21 ya mwaka 2021 Samsung waliondoa sehemu ya memori kadi kwenye simu zote za Galaxy S. Na msije mkaniambia "fundi hamisha tu ile chipu ya memori", haiwezekani, data imefungwa kwa siri ambayo funguo yake inategemea prosesa ya simu hiyo hiyo, kwa hiyo bodi ikifa imekufa na picha zako, mpaka ile bodi yenyewe iamke. Yake niliosha mara mbili, nikatafuta shoti nikakuta iko kwenye kapasita moja, kidude kidogo cha kwenye bodi, kwenye laini ya chaji, nikaitoa, nikaichomeka kioo cha mezani, ikawaka. Nikamwambia dada usiguse chochote, weka namba ya siri tu, tuhamishe kwanza. Tulikaa masaa mawili kebo imechomekwa hakuna hata aliyekwenda kunywa chai. Kamera moja imekufa na spika inakwaruza, ila video za mama zipo zote. Wewe unayesoma hii usisubiri kufika hapo, washa bakapu leo, hata kama ni picha muhimu tu na hata kama bando linauma.

Maneno mengine ya uongo ninayoyasikia hapa mezani nayapitia haraka maana hayaniudhi kiasi hicho.

"Acha iishe mpaka izime ndo uchaji." Hapana. Hiyo ilikuwa ya betri za nikeli za zamani. Hizi ni lithiamu, kuzifikisha sifuri kila siku ndo unazizeesha. Chaji ikiwa 30, ikiwa 40, chomeka, chomoa, haina shida yoyote. Zikipumzika kati ya asilimia 20 na 80 zinadumu zaidi, na kwenye simu nyingi kuna sehemu ya kuweka chaji isimame kwenye 80, mimi nimeiweka na sijawahi kuitoa isipokuwa nikisafiri.

"Ukichaji usiku kucha betri inalipuka." Simu inajikata yenyewe ikijaa. Tatizo ni kuilaza chini ya mto au kwenye godoro na kava nene, inakosa pa kutolea joto. Joto ndo adui wa betri. Iweke mezani, kava nje, lala.

"Fasti chaja inaua betri." Simu ndo inaomba umeme kiasi gani, chaja haisukumi. Ukichomeka ya 45W (wati, kipimo cha nguvu ya umeme) kwenye simu inayokubali 25W itachukua 25 yake basi. Inayoua ni chaja feki, na tangu hizi simu zianze kuja bila chaja kwenye boksi watu wananunua za barabarani za buku tano zimeandikwa 65W, wanachomeka kwenye simu ya milioni mbili. Hapo ndo uwe na wasiwasi, na hapo hakuna mtu anakuwa nao.

"Funga apu zote kila saa simu iwe nyepesi." Android inaziacha pale makusudi ili zikifunguka zisianze upya. Ukizifuta kila dakika unailazimisha prosesa kuanza mwanzo kila mara, unamaliza chaji. Funga ile iliyoganda tu. Simu ya miaka miwili ikiwa nzito angalia kwanza memori imebaki ngapi, mtu ana 256GB kajaza mpaka amebakiwa na 2GB, nusu ni video za WhatsApp za magrupu, halafu anasema simu imechoka.

"Apdeti zinaharibu simu." Baada ya apdeti kubwa simu inapanga mambo yake upya siku moja au mbili, inapata moto kidogo na chaji inaenda haraka, ni kawaida, iache. Kukataa apdeti za usalama kwenye simu yenye hela zako za M-Pesa na akaunti ya benki, hilo sikuungi mkono kabisa.

Ya kwangu mwenyewe ni S22 Ultra, niko nayo tangu mwishoni mwa 2022, betri nimeibadilisha mwenyewe na utepe mpya nimeweka kwa mikono yangu, kingo zote, nikakandamiza na klipu usiku mzima. Na mvua ikianza kunyesha naiweka ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, naufunga, ndo natoka.