Maneno marefu ya Kiholanzi: tafuta mpaka kwanza, silabi baadaye

Dhana potofu: Neno la Kiholanzi hukatwa kama la Kiswahili, kila konsonanti na irabu yake.

Neno likiwa ambatani, mpaka kati ya maneno yaliyounganishwa ndio unaoamua. Tazama *massagebed*. Likiwa massage-bed ni kitanda cha masaji, na g yake ni ya Kifaransa, inakaribia sh. Likiwa massa-gebed ni sala ya umati, na g inatokea kooni, jirani na gh ya "ghali". *Dijkramp* nayo ni dijk-ramp, maafa ya kubomoka kwa tuta la kuzuia maji, au dij-kramp, mkakamao wa paja. Waholanzi wenyewe huyafanyia mzaha maneno haya.

Mpaka huo hugeuza hata sauti ambazo tahajia haizionyeshi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Katika *avonden* (jioni, kwa wingi) d ni d. Katika *avondeten* (chakula cha jioni) d imefunga neno avond, kwa hiyo husikika t, ingawa irabu inafuata. *Zakdoek* (leso) huenda kinyume: d inaivuta k hadi isikike kama g ya "gari".

Dhana potofu: Neno likizidi urefu, ugumu nao unazidi.

*Arbeidsongeschiktheidsverzekering* lina herufi 33 lakini silabi 10 tu: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring. Lielewe kuanzia mwisho: verzekering ni bima, ongeschiktheid ni kutofaa, arbeid ni kazi, yaani bima ya kutoweza kufanya kazi. Zile s mbili, mwishoni mwa beids na heids, ni za kuunganishia. Kinachosumbua ni schikt pale katikati: s, kisha kh ya "kheri", halafu k na t zimebanana. Ulimi wetu hutamani kupenyeza irabu, na ikipenya tu silabi zinaongezeka.

Dhana potofu: Mkazo huwa silabi ya pili kutoka mwisho.

Huo ni wa kwetu. Kwao mkazo mkuu kwa kawaida hubebwa na neno la kwanza, kwa hiyo katika neno la bima hapo juu ni AR. Wakaidi wapo: *stadhuis* (ukumbi wa mji) hukazwa huis, na Amsterdam na Rotterdam hukazwa dam.

Dhana potofu: Kila herufi ya kiungo hutamkwa.

Mageuzi ya tahajia ya 1995 yaliigeuza *pannekoek*, chapati ya maji, kuwa *pannenkoek*. Wengi wanaiandika n hiyo bila kuitamka, na hawakosei.