Free ya Kitonga, mkaa usio na moshi na maneno mengine ya kijiweni Uyole

Kijiwe chetu kiko Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya Dar. Kahawa chungu, kashata, ubao wa bao, na watu wanaojua kila kitu: kwa nini roli la jana lilianguka, Wachina walifuata nini upande wa nyuma wa mwezi, kwa nini mnara mpya wa simu umefukuza mvua. Siwacheki. Nilikuwa utingo miaka minne kwenye maroli ya Tunduma kabla ya kufungua kiduka changu cha vipuri, na mengi ya haya niliyaamini, mengine nikayatenda. Nikichunguza, karibu kila uongo wa kijiweni ulianzia kwa mtu aliyeona jambo la kweli kwa macho yake, kisha akalipa sababu isiyo yake.

"Mteremkoni piga free, mafuta yanabaki kwenye tenki"

Hili nilifundishwa wiki ya kwanza kazini. Tumetoka Zambia na shaba, tunashuka mlima wa Kitonga kule Iringa, dereva akatoa gia akaliacha roli liserereke. "Dogo, hapa injini imelala. Tunakwenda bure." Na kweli sauti ilishuka. Nikaamini kwamba ule ukimya ndiyo mafuta yenyewe yanayookolewa.

Ilikuwa kinyume. Roli likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye injini za siku hizi kompyuta inaliona hilo na kufunga nozeli, halitoki hata tone. Hata dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, gavana yake, kile kifaa kinachopima mafuta ya kuingia, hufanya karibu hivyo hivyo. Ukipiga free, matairi na injini vimeachana, na ili injini isizime lazima ichome mafuta kidogo kidogo mpaka bondeni.

Imani yenyewe ina asili yake. Magari ya petroli ya kabureta yaliendelea kunyonya mafuta hata mguu ukiwa juu, na dereva wa enzi hizo aliyepiga free alibakiza kitu, ingawa kidogo. Magari yakabadilika, maneno yakabaki.

Lakini habari ya mafuta ni ndogo. Kubwa ni joto. Chukua roli lenye tani 50 pamoja na mzigo. Kila linaposhuka mita 100 kwenda chini (nasema kimo, si urefu wa barabara) linaachia nishati ya kutosha kuchemsha ndoo saba za maji za lita 20. Nishati hiyo haipotei. Kama roli haliongezi mwendo, basi kuna kitu kinaipokea. Ukiwa kwenye gia nzito injini inabeba sehemu nzuri ya mzigo huo, na ukifunga breki ya eksosi, ile inayoziba njia ya moshi, inabeba zaidi. Ukiwa free, ukiondoa upepo na msuguano wa matairi, ndoo zote saba zinamwagwa kwenye breki. Halafu saba nyingine. Na Kitonga haina mita 100 peke yake.

Gia ya kushukia inaingizwa juu, kabla mlima haujaanza. Wale wanaosema "nitapunguza nikiona mwendo umezidi" wanasahau kwamba mwendo ukishazidi gia haiingii. Unasikia inasaga tu, na sasa uko free bila kutaka.

"Upepo uliisha, ndiyo maana breki zikafeli"

Hii utaisikia baada ya kila ajali, iwe mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka. Upepo hapa ni hewa iliyobanwa inayoendesha breki za roli. Na utingo yeyote angeweza kuikanusha kwa kazi yake ya kila asubuhi. Ukiwasha roli alfajiri haliondoki palepale. Unasubiri mshale wa kipimo cha upepo upande juu ndipo breki ya kuegeshea iachie. Sasa jiulize, usiku kucha upepo ukiwa chini, nani alikuwa amelishika roli? Springi. Ndani ya zile chemba za breki za nyuma kuna springi nene, na kazi ya upepo pale ni kuirudisha nyuma ili breki iachie. Upepo ukipotea, springi inabana. Roli lililoishiwa upepo, kwa kawaida, ni roli lililogoma kwenda.

Kinachoua mlimani mara nyingi ni joto lile lile la ndoo saba. Dramu la chuma linalozunguka na tairi likipata moto linapanuka, linakimbia lainingi zake, yaani vile vipande vinavyolibana ili roli lisimame. Chemba inasukuma mpaka mwisho wa urefu wake na bado lainingi inagusa kwa mbali. Hapo hapo lainingi yenyewe, ikiwa imeungua, inapoteza ule ukali wa kushika. Upepo upo, mshale uko juu, dereva anakanyaga mpaka chini, roli halisikii. Na hata ile springi ikibana, inabana dramu lile lile la moto. Kama breki za matairi mawili matatu zilikuwa hazijakazwa tangu safari iliyopita, zilizobaki zimebeba zamu ya wenzao na zimeungua mapema zaidi.

Ile harufu kali unayoikuta chini ya Kitonga, abiria wakifunga madirisha ya basi, ndiyo lainingi hizo. Ni onyo la mwisho, si la kwanza.

Hapa nina kosa langu mwenyewe. Siku moja tulifika chini matairi ya nyuma yanafuka moshi. Nikachukua dumu la maji, kama nilivyoona wengine wakifanya, nikamwagia. Mvuke ulipanda mpaka usawa wa tela, nikajiona shujaa. Siku iliyofuata gereji fundi alifungua tairi, akapitisha ukucha kwenye dramu, ukucha ukakwama. Akaniambia nipitishe wangu. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni kwenda ndani. Chuma cha kusubu kikiwa cha moto vile hakitaki maji ya ghafla. Kingeachwa kipoe chenyewe, nusu saa, saa nzima, na utingo akae mbali akinywa soda.

"Mkaa ukishakolea hauna sumu tena"

Kwa sisi wa nyanda za juu hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu linasemwa na mama zetu, kwa upendo. Juni na Julai baridi ya Makambako, Njombe na Makete haina mzaha. Kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Mtu anawasha jiko nje, anasubiri moshi uishe, mkaa uwe mwekundu, kisha anaingiza chumbani na kufunga mlango. Hoja yake ni moja: moshi ndiyo sumu, na moshi umekwisha.

Moshi ulioisha ni ule unaowasha macho. Sumu yenyewe, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inatengenezwa na huo huo mkaa mwekundu uliokolea vizuri pale hewa inapokuwa haba. Umewahi kuona ule mwali wa bluu unaochezacheza juu ya mkaa? Ndiyo hiyo, inaungua. Ile isiyopata nafasi ya kuungua inabaki chumbani nawe. Katika damu inashikamana na kile kinachobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani kinajaza viti vyote, oksijeni inakosa pa kukaa.

Wengine huweka sufuria la maji pembeni eti linyonye sumu. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia. Wengine wanasema inakaa chini, kwa hiyo aliye kitandani yuko salama. Uzito wake unakaribia ule wa hewa, tena ni nyepesi kidogo. Inajaa chumba kizima.

Nimewahi kulala hivyo mara moja, watu watatu, chumba cha kupanga, jiko katikati. Tuliamka kwa sababu mmoja wetu alibanwa mkojo. Alifungua mlango akaanguka kizingitini, na baridi iliyoingia ndiyo iliyotuamsha sisi wengine. Kichwa kiliuma siku nzima, miguu haina nguvu, mmoja akanywa dawa ya malaria. Ndivyo inavyokuwa: kichwa, kichefuchefu, usingizi, na miguu inayokataa kabla akili haijaelewa. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hamjalala. Blanketi la pili ni ghali, najua.

"Nguo nyekundu inavuta radi"

Na kioo kifunikwe. Na simu izimwe. Na kuna ile ya kwamba radi imetumwa, ambayo sitaigusa, maana mwenye kuiamini hatasadikishwa na muuza vipuri.

Radi haichagui rangi. Inatafuta njia fupi kati ya wingu na ardhi, na kilichoinuka kuliko vingine ndicho kinachoifupisha hiyo njia: mti uliosimama peke yake, nguzo, au wewe katikati ya shamba la viazi kule Uporoto na jembe begani. Simu iliyo mfukoni haivuti kitu. Simu iliyochomekwa kwenye chaji ni habari nyingine, kwa sababu radi ikipiga nyaya za umeme inasafiri nazo mpaka sikioni kwako. Kwa hiyo aliyesema simu ni hatari aliona tukio la kweli. Alimshitaki mtuhumiwa asiye sahihi, wakati mwenye kosa alikuwa waya.

Na ng'ombe watano kulala wafu chini ya mti mmoja, jambo linaloanzisha maneno mengi ya uchawi, lina maelezo yake. Radi ikishuka kwenye mti umeme unatawanyika ardhini, na nguvu yake inapungua kadiri unavyokwenda mbali na shina. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana, basi tofauti hiyo inapita mwilini mwake, kupitia moyo. Ndiyo sababu ukishikwa na radi mahali pa wazi unaambiwa ubane miguu pamoja, usilale chini. Bora zaidi ni kuwa ndani ya gari lililofungwa vioo au nyumba ya kudumu. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, acha jembe.

Ya haraka haraka

"Maharage ya Mbeya hayaivi kwa sababu ya baridi." Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo: mji uko kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Yakishachemka hayapandi tena hata uongeze kuni. Loweka usiku kucha, au tumia sufuria la presha. Maji ya kunywa yaliyochemshwa huku yanafaa, vijidudu havihitaji nyuzi 100 kufa.

"Mnara ukiwa karibu unakupiga mionzi." Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama eksirei. Na simu iliyo sikioni kwako inakufikishia mawimbi mengi kuliko mnara ulio juu ya paa la jirani. Mnara ukiwa mbali simu inapaza sauti zaidi, ukiwa karibu inanong'ona. Ni kweli mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda yanasababisha saratani". Kijiweni neno "huenda" huwa halifiki. Linadondoka njiani, linabaki "saratani".

"Kimondo cha Mbozi kinapungua, kinakatwa usiku." Vitabu vya zamani viliandika tani 25, baadaye 16, siku hizi 12, na watu wa Ndolezi, kijiji kilipo kimondo, wana haki ya kuuliza zilizobaki zimekwenda wapi. Hazikwenda popote. Namba zote ni makadirio, mzigo ule haujawahi kupandishwa mizani ya maroli ya Mpemba. Kipande kidogo kilikatwa kwa msumeno kilipoandikwa na wapimaji mwaka 1930, hilo halina ubishi, lakini chuma kilichochanganyika na nikeli hakikatwi kimyakimya gizani.

Turudi mlimani. Pale kijiweni kuna kijana wa bodaboda anayezima pikipiki kabisa akishuka Mlima Nyoka. Pikipiki yake ni ya kabureta, kwa hiyo yeye, kati yetu sote, ndiye ambaye hesabu ya zamani bado inamhusu: anabakiza vijiko kadhaa vya petroli. Nilimwuliza usiku anafanyaje, maana taa yake ya mbele inakula umeme wa injini moja kwa moja, injini ikizima na taa inazima.

"Kaka," akasema, "ile njia naijua."

Nikamwuliza kama maroli yanayokuja nyuma yake nayo yanamjua. Akanywa kahawa yake.